Machweo kwenye Nairobi Expressway: nisimame wapi kati ya sehemu hizi tatu?

KijanaWaDonholm

Wanajukwaa, hamjambo. Nina kamera ya mtumba, lenzi yake ya milimita 18 hadi 55, na stendi ya miguu mitatu ambayo ni nyepesi kidogo. Ningependa kuipiga picha barabara ya Nairobi Expressway jua linapozama, kwa sababu kwangu mimi hilo ndilo daraja la jiji letu: kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na inapopita katikati ya jiji inapaa juu ya nguzo. Tangu ilipofunguliwa mwaka 2022 naitazama kila siku nikiwa kwenye matatu, na sijawahi kuona picha yake inayonikumbusha jinsi inavyoonekana jioni.

Nimefikiria sehemu tatu: mojawapo ya madaraja ya miguu ya Mombasa Road kabla ya kufika Nyayo Stadium, paa la KICC (jumba refu la mikutano katikati ya jiji), na bustani ya Uhuru Park. Nina nafasi Jumamosi moja tu mwezi huu wa Februari, kwa hiyo siwezi kuzijaribu zote. Ninyi mngechagua ipi, na kwa nini?

MamaLenzi

Ndugu yangu, kabla hujachagua mahali pa kusimama, amua unataka jua liwe wapi: mbele yako, ubavuni au mgongoni. Sehemu zako tatu zinatofautiana hasa kwa jambo hilo, wala si kwa urefu au uzuri wa mandhari.

Mombasa Road inaelekea mjini kwa mwelekeo wa kaskazini-magharibi. Mwezi Juni jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi, kwa hiyo linakaribia mstari wa barabara, lakini huo ndio msimu wa mawingu mazito ya baridi na mara nyingi hutaliona kabisa. Februari anga huwa safi, ila jua huzama kusini kidogo ya magharibi, yaani mbali upande wako wa kushoto ukiwa umeelekea mjini. Hapo utapata mwanga wa ubavuni: kila nguzo itakuwa na upande mmoja wa dhahabu na mwingine wa kijivu. Mimi naupenda mwanga huo kuliko jua lenyewe.

Ukiwa juu ya KICC, Uhuru Highway iko magharibi yako na Expressway inapita juu yake, kwa hiyo barabara na jua vinaweza kuingia kwenye fremu moja mwaka mzima. Uhuru Park ni kinyume chake. Ukipanda sehemu ya juu ya bustani na kuelekea mjini, jua linakuwa mgongoni, na mwanga wake wa mwisho unaangukia barabara, KICC na jengo refu la Times Tower kwa pamoja.

MzeeWaFilamu

Nakubaliana na dada MamaLenzi kuhusu mwelekeo, lakini daraja la miguu lina tatizo ambalo halijatajwa, nalo ni mtikisiko. Nilisimama kwenye daraja moja la aina hiyo kwa jioni mbili mfululizo. Mtu mmoja akipita kwa mwendo wa kawaida, unausikia mtetemo kwenye nyayo zako. Wakipita kumi wanaotoka kazini, stendi nzima inatetemeka, na picha ambayo kamera inapokea mwanga kwa sekunde 8 inatoka kana kwamba imepigwa na mtu mwenye homa. Nilipoikuza kwenye kompyuta, kila taa ya barabarani ilikuwa na vivuli viwili, kimoja juu na kimoja chini. Lori zito likipita chini hali huwa mbaya zaidi.

Kuna njia mbili za kujisaidia. Ya kwanza ni kuiweka stendi pale daraja linapokalia nguzo, si katikati, kwa sababu katikati ndipo linapochezacheza zaidi. Ya pili ni kuachana na picha za muda mrefu: panda hadi ISO 1600 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), fungua tundu la lenzi kadiri linavyoruhusu, na upige kwa kasi ya shata, yaani pazia linaloingiza mwanga, ya moja chini ya sitini ya sekunde, picha nyingi mfululizo, kisha uchague ile iliyotulia. Utapoteza ile mistari ambayo taa za magari huichora kwenye picha ya muda mrefu, lakini nguzo zitasimama imara, na kwenye Mombasa Road nguzo ndizo picha.

Jambo lingine, kijana wangu, usiende peke yako. Mtu aliyeweka jicho kwenye kamera haoni anayemkaribia kwa nyuma. Mwenzako asimame akitazama watu, na mkoba ukae mbele ya kifua.

SimuTu

Mimi napiga kwa simu, na nilivyojaribu, Uhuru Park ndiyo pekee iliyonipa picha nzuri bila stendi. Jua likiwa mgongoni, anga na majengo vina mwanga unaokaribiana, kwa hiyo simu haihangaiki. Juu kwenye paa, simu ilinilazimisha kuchagua: ama anga jekundu na mji mweusi, ama mji unaoonekana na anga jeupe kama karatasi.

FundiMwanga

SimuTu amesema kweli, lakini ukiwa na kamera inayohifadhi faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), tatizo hilo hupungua sana. Pima mwanga kwenye anga, pembeni mwa jua, acha mji uwe mweusi kidogo, kisha uinue vivuli baadaye ukihariri. Anga iliyoungua, yaani iliyozidi mwanga hadi kuwa nyeupe, haiwezi kurudishwa.

Mimi nachagua KICC, na sababu yangu ni kitu nilichokiona huko juu mara moja tu na ambacho sijakiona kwingine. Kikomo cha mwendo kwenye Expressway ni kilomita 80 kwa saa, yaani gari linaweza kusafiri takriban mita 22 kila sekunde, na ukiacha shata wazi kwa sekunde 5 linakuchorea mstari unaozidi mita 100. Chini yake, kwenye Uhuru Highway, msongamano wa jioni umesimama kabisa. Katika picha hiyohiyo moja, juu kuna nyuzi nyekundu na nyeupe zisizokatika, na chini kuna vitone vya taa, kimoja kimoja, kama shanga zilizomwagika. Anayesafiri mjini kila siku ataielewa picha hiyo bila maelezo.

Muda ndio wa kuangalia zaidi. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo, mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa moja kasorobo, mwezi Februari. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, linashuka wima na giza linaingia haraka: una takriban dakika 20 tu kutoka jua kuzama hadi anga ipoteze buluu yake. Picha ninayoisema hupatikana katika nusu ya pili ya dakika hizo, taa zinapolingana na anga. Kwa hiyo uliza mapema paa linafungwa saa ngapi na kama stendi inaruhusiwa, kwa maana ukishushwa jua linapogusa upeo utakuwa umeikosa.

BintiSyokimau

Je, mmefikiria daraja la reli ya kisasa ya SGR ndani ya Nairobi National Park? Lina urefu wa takriban kilomita 6, na twiga wanapita chini yake.

MamaLenzi

Ni daraja zuri, BintiSyokimau, lakini hifadhini huwezi kubaki hadi taa ziwake, na kwa lenzi ya milimita 55 twiga atakuwa na ukubwa wa mchwa. Tulifungulie mada yake tofauti.

KijanaWaDonholm

Nawashukuru nyote. Nilikwenda Uhuru Park, na nieleze sababu: stendi yangu nyepesi haingestahimili mtikisiko aliousema Mzee, wala sikupata uhakika wa kubaki juu ya paa hadi taa ziwake. Nilifika mapema na rafiki yangu, tukapanda upande wa juu.

Kwa dakika kama kumi zege la barabara lilikuwa na rangi ya chungwa bivu. Kivuli kilianza kupanda kutoka kwenye nyasi, kikafunika nguzo moja baada ya nyingine, kikafika kwenye kingo za barabara ya juu, kisha KICC ikabaki peke yake ikiwaka. Picha yangu bora ni ya wakati ule ambapo nguzo zilikuwa gizani tayari na magari yaliyo juu yake bado yalikuwa kwenye jua. ISO 100, tundu la lenzi f/8, shata moja chini ya sitini ya sekunde. Mistari ya taa sikuipata.

FundiMwanga, mwezi Machi nikipata Jumamosi nyingine nitapanda KICC. Je, unaweza kuniambia ulisimama upande gani wa paa?

FundiMwanga

Upande wa magharibi, kona inayoelekea Upper Hill. Funga mkoba wako kwenye stendi ili iwe nzito, kwa maana huko juu upepo ni mkali.