Mrejesho: wasifu wa bibi yetu, mpenda safari

Wakuu, niliuliza hapa jinsi ya kuandika wasifu wa bibi usomwe arobaini yake, usiishie "alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto". Asanteni mno.

Nilifuata ushauri wa kuwaendea shoga zake kwanza, na huko ndiko kulikokuwa na utamu. Kumbe alipanda Liemba, ile meli ya Wajerumani ya mwaka 1915, kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, akiwa na mimba ya mama yangu! Kalala juu ya magunia ya dagaa, eti anakwenda "kuangalia biashara". Babu kuulizwa, akacheka: "Ningemzuia vipi?"

Kaseti yenye sauti yake haikuokoka. Fundi alijaribu, lakini utepe umeshikana kwa ukungu. Na shehe alitupa dakika chache, kwa hiyo safari yake ya treni ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, tukaisimulia kwenye pilau. Wajukuu walisahau hata kula.

Atakayepita hapa baadaye: wazee warekodi kwa simu, picha za zamani zipige karibu na dirisha bila flashi, na majina ya waliomo yaandike nyuma kwa penseli.