Naomba ushauri: Braid au Limbo kwa mtoto wa miaka 11?

Habari zenu wakuu, salamu kutoka Moshi.

Naomba msaada wa mliocheza gemu za mafumbo, zile za kukimbia na kuruka. Mdogo wangu wa kike ana miaka 11, anapenda sana kuumiza kichwa, na nataka kumnunulia moja likizo hii. Kompyuta yetu ni ya zamani, haina kadi ya grafiki, kwa hiyo nimebaki na Braid ya 2008 na Limbo ya 2010.

Braid naipenda kwa sababu ukikosea unarudisha muda nyuma, halafu mbele unakuta vitu visivyorudi pamoja nawe, na hapo ndipo fumbo lenyewe lilipo. Shida ni maandishi yake, Kiingereza kizito. Limbo haina mazungumzo wala maelezo, mtoto anagundua mwenyewe. Ila yule mvulana unayemwongoza kwenye gemu anakufa vibaya mno: mitego ya chuma, buibui mkubwa, na kote ni giza. Mimi imenivutia kweli, lakini ni mtu mzima.

Mabanda ya gemu hapa mjini nimeuliza, wengi wanacheza mpira tu. Video za YouTube naziacha katikati maana zinafichua majibu.

Kuna aliyemchezesha Limbo mtoto wa umri huo, je, aliogopa usiku? Na kwenye Braid, mtu akiruka maandishi yote anaweza kutegua mafumbo hadi mwisho, au anakwama?

Pesa inatosha moja tu. Natanguliza shukrani.