Tupeane uzoefu: vifupisho vya Kiingereza na nyakati za vitenzi (Goma)

Mwalimu wa Himbi
Bandugu, tuliosoma kwa Kifaransa tunajikwaa hapa: "j'ai" (nina) na "l'eau" (maji) ni lazima zifupishwe kwa apostrofi (alama '), hakuna njia nyingine. Kwenye Kiingereza kufupisha namna hiyo ni hiari. "I am" na "I'm" zote sahihi, ya pili ni ya mazungumzo. Barua ya kuomba kazi kwenye shirika iandikwe bila vifupisho.

Kinachosumbua zaidi ni 'd, maana imebeba "had" na "would". Tazama kitenzi kinachofuata. "I'd go" ni ningeenda, kitenzi kiko kitupu, basi ni "would". "I'd gone" ni nilikuwa nimeenda, umbo la tatu la kitenzi, basi ni "had". "I'd better go" ikaririwe peke yake: ni "had".

Dada wa Katindo
Nikuongezee, Mwalimu. Kwa 's, -me- yetu inasaidia sana: "she's eating" anakula, ni "is", "she's eaten" amekula, ni "has". Ila pale -me- inapoeleza hali tu, inadanganya. "The door's closed", mlango umefungwa, ni "is".

Na "j'ai mangé hier" (nilikula jana) msiigeuze "I've eaten yesterday". Ukitaja jana, 've inaondoka: "I ate yesterday".

Kaka wa Birere
Jibu la "ndiyo" halifupishwi mwishoni. "Yes, I am", kamwe si "Yes, I'm", kwa sababu neno la mwisho ndilo linalokazwa na kifupisho hakikaziki. Kukana kunaruhusiwa: "No, I'm not", "No, she isn't".

"Won't" ni "will not". Ile o imebaki kutoka umbo la zamani, "wol".

Mama Mwalimu, Ndosho
Kwenye klavye ya AZERTY (ile ya Kifaransa) apostrofi iko kitufe cha 4, bila kubonyeza Shift. Ukiisahau, "we're" inakuwa "were", "we'll" inakuwa "well", "she'll" inakuwa "shell". Mashine mara nyingi haipigi mstari mwekundu, kwa kuwa yote ni maneno halali.

Matamshi nayo, watoto wanaumia hapo. Katika "I can go", "can" ipite haraka, karibu "kn", nguvu iende kwa "go". Ukikaza "can", msikilizaji anasikia "can't", anaelewa umekataa. Kwa "can't" ndipo ukaze, hata kama t haisikiki vizuri.

Kaka wa Birere
Asante Mama. Na "its" na "it's" je?

Mama Mwalimu, Ndosho
Weka "it is" au "it has" mahali pake. Sentensi ikisimama, tia apostrofi. Ikianguka, iache.