1JZ yangu busti inapanda yenyewe: westigeti ya 38 niitupe, nifunge 44 au 60?

Kijana wa Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Nina Mark II JZX110 yenye injini ya 1JZ-GTE. Nimeinunua kwa jamaa ikiwa turbo yake ya CT15B imeshatolewa, imefungwa Garrett GT3076R, manifodi (mabomba ya kukusanya moshi wa silinda) ya kuchomelea na westigeti, yaani valvu ya kuchepusha moshi usipite kwenye turbo, ya nje ya milimita 38 isiyo na jina. Ni gari la kwendea kazini, Tabata hadi Posta, na Jumapili kidogo barabara ya Bagamoyo. Sitaki farasi mia sita. Nataka busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) ya bar 0.7, itulie hapo.

Shida ni hii: kwenye mizunguko 4,500 geji inasoma 0.7 safi kabisa, halafu inaanza kupanda. Ikifika 6,000 iko 1.1 na mguu nauondoa mwenyewe. Fundi wa kwanza kasema niweke springi laini zaidi. Wa pili kasema 38 inatosha, eti 44 ni ya wenye farasi nyingi. Nimsikilize nani?

Mzee wa Spidi

Funga 60 ulale usingizi. Maswali mengi ya nini?

Gereji Bubu

Mzee wa Spidi, huyo mwenye gari anaenda Posta, haendi mashindanoni.

Kijana, fundi wako wa pili kaigeuza hesabu. Westigeti inapitisha moshi ambao turbaini, gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi, haiuhitaji. Mtu anayesukuma bar 1.8 kwenye injini kama yako, moshi wake mwingi unapita kwenye turbaini, hauna haja ya kuchepuka. Wewe unataka 0.7 tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya moshi wako lazima itafutiwe njia ya pembeni. Ndiyo maana mwenye busti ndogo mara nyingi ndiye anayehitaji westigeti kubwa. Watu hawaamini mpaka waone geji.

Springi laini haitakusaidia. Springi inaamua valvu ianze kufunguka lini. Kwako kwenye 4,500 inafunguka vizuri, kwenye 6,000 imeshafunguka yote na moshi bado umezidi. Ukilainisha, itawahi kufunguka huko chini, huku juu tundu ni lile lile.

Sasa ukubwa. Tundu la 38 lina milimita za mraba 1,134. La 44 lina 1,520, yaani theluthi moja zaidi, na hiyo si tofauti ya kudharau. La 60 lina 2,827, lakini kumbuka moshi wa kwenye manifodi nao unasukuma uso wa valvu. Uso mpana na springi ndogo, valvu inavuja mapema na turbo inachelewa kuamka. Halafu kwenye JZ turbo iko upande wa kulia, ambako kwetu ndiko shafti ya usukani inapita. Hilo dude la 60 utaliweka wapi?

Ila usinunue kitu bado. Kwanza toa kontrola ya busti kabisa. Mpira mmoja utoke kwenye nyumba ya kompresa ya turbo uende tundu la chini la westigeti, tundu la juu liache wazi. Endesha. Ikitulia, tatizo lilikuwa kontrola. Isipotulia, fungua westigeti, ipe upepo wa kompresa ya gereji wenye rejeta, panda taratibu hadi 1.1, upime valvu imenyanyuka kiasi gani. Tundu linapitisha kila linachoweza valvu ikinyanyuka robo ya kipenyo chake. Kwa 38 ni milimita tisa na nusu. Hizi zisizo na jina nyingine zinaishia tano.

Pia nisomee A/R (namba ya ukubwa wa njia ya moshi) iliyopigwa chapa kwenye nyumba ya turbaini, na utupie picha ya manifodi. Hasa hiyo picha.

Kijana wa Tabata

Mkuu, nimefanya yote. Bila kontrola bado inapanda vile vile. Valvu inanyanyuka kumi kasoro kidogo. A/R ni 0.63. Picha hiyo hapo: bomba la westigeti limechomelewa kwenye njia ya silinda ya sita, wima kabisa.

Gereji Bubu

Nilijua. Silinda tano zote moshi wake unakimbilia kwenye turbo, na ukitaka kutoka lazima ugeuke urudi nyuma kwenye njia ya sita. Mlango wa daladala uwe mpana vipi, ukiegeshwa ukutani nani atashuka? Hapo hata 60 ya Mzee wa Spidi isingeponya.

Kata hilo bomba, ziba. Bomba jipya litoke pale njia zote sita zinapokutana, karibu na flanji ya turbo, lilale kufuata mwendo wa moshi, lisisimame wima. Ukishahamisha, 38 ingeweza kutosha, lakini nyumba ya 0.63 kwenye lita 2.5 inaamsha turbo mapema na kuisukuma sana huko juu, nawe unataka 0.7. Maadamu manifodi inakatwa, funga 44. Bomba linaloingia na linalotoka yote yawe na upana wa ndani wa 44. Nimeona watu wanafunga 44 juu ya bomba la 38, wamenunua jina tu. Moshi urudishe kwenye ekzosi mbele kidogo, kwa mshazari. Ukiuacha wazi, trafiki wa Posta watakujua kwa sauti kabla hawajaona namba ya gari.

Mkenya wa Rongai

Salamu kutoka Nairobi, fundi. Mimi nina Subaru Forester yenye injini ya EJ20, westigeti ni ya ndani. Tangu niweke ekzosi ya inchi tatu busti inapanda usiku wa baridi. Hayo ya 38 na 44 yananihusu?

Gereji Bubu

Yako ni tundu la ndani ya nyumba ya turbaini. Ekzosi pana imepunguza kizuizi baada ya turbaini, turbaini inazunguka kwa urahisi, tundu halijakua. Nyumba ishushwe, tundu lipanuliwe kwa kusagwa, ukibakiza ukingo ambao kifuniko kitaukalia. Ukizidisha, kitavuja daima.

Na jambo moja la kwenu huko juu. Geji inahesabu kuanzia hewa ya nje. Nairobi hewa ya nje ni kama bar 0.82, Mombasa ni 1.01. Geji ikisoma 0.9 huko kwenu, injini ina 1.72. Mombasa, kwa 0.9 ile ile, ina 1.91. Kama kompyuta ya gari ilipangwa Nairobi peke yake, punguza busti kabla hujapita Mtito Andei.