Mrejesho: skripti ya kulinganisha risiti sasa inakwenda kasi

Ndugu zangu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini skripti yangu (programu fupi) ya lugha ya Python, inayolinganisha namba 40,000 za risiti za duka na namba 40,000 kutoka benki, ilichukua dakika nyingi kutoa jibu. Nimefuata ushauri wenu na tatizo limekwisha. Namba za benki nilikuwa nimezihifadhi kwenye orodha, ambayo Python huipitia kipengele kimoja baada ya kingine kila inapotafuta, hivyo kazi nzima ingeweza kufikia ulinganishaji bilioni 1.6. Nilipozihamishia kwenye seti, ambayo hutumia heshi (hesabu inayoonyesha mahali pa kila namba) kwenda moja kwa moja mahali namba inapopaswa kuwapo, jibu lilitoka mara moja.

Mwanzoni niliiunda seti hiyo ndani ya kitanzi (sehemu ya skripti inayorudiwa kwa kila risiti), ikawa inajengwa upya kwa kila risiti na mwendo ukazidi kuwa mbaya, kwa hiyo anayefuata njia hii aiunde kabla ya kitanzi kuanza. Akumbuke pia kwamba seti hufuta marudio: kujua risiti iliyolipwa mara mbili, nimelazimika kutumia Counter, zana ya Python inayohesabu kila namba imetokea mara ngapi.

Vigeu, yaani majina ya kuhifadhia data, nilivyokuwa nimeviita x na y, sasa vinaitwa risiti_za_duka na malipo_ya_benki, na mwenzangu ameisoma skripti bila kuniuliza lolote. Nawashukuru kwa dhati.