Masizi kwenye DPF: skana, geji ya presha au kushusha filta, kipi kinasema ukweli?

dizeli_tupu
Wakuu habari za saa hizi. Nina gari ya dizeli, taa ya DPF (filta ya masizi kwenye ekzosi) inawaka inazima, siku chache imerudi tena, na sasa imeanza kugoma kuvuta kabisa, ukikanyaga mafuta inafika mizunguko 3000 inaishia hapo. Skana inatoa kodi P2463 (filta imejaa masizi) na inasema masizi asilimia 118. Fundi wa kwanza kasema filta imekufa nunua mpya, wa pili anataka aitoboe moshi upite bila kuchujwa halafu abadilishe programu ya kompyuta, na wote wawili hawajapima chochote zaidi ya kuchomeka skana dakika mbili. Kabla sijatoa hela naomba kujua, kati ya kusoma skana, kufunga geji ya presha na kuishusha filta ikaangaliwe kwa macho, kipi cha kuamini?

NozeliKavu
Hiyo asilimia isikutishe mkuu, ile ni hesabu ya kompyuta tu. Kompyuta inakadiria masizi kwa njia mbili. Moja inajumlisha, yaani umetembea umbali gani, umeunguza mafuta kiasi gani, umekaa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) muda gani tangu mara ya mwisho filta ilipochoma masizi yake. Nyingine inatoka kwenye sensa ya presha, ile yenye mipira miwili, mmoja umetoka mbele ya filta mwingine nyuma yake. Skana nzuri inakuonyesha gramu mbili tofauti, masizi ya hesabu na masizi ya kupimwa. Zikikaribiana na zote ziko juu, imejaa kweli. Ya hesabu ikiwa juu na ya kupimwa iko chini, ama sensa inadanganya ama filta imepasuka inapitisha. Ya kupimwa juu na hesabu chini, anza kufikiria majivu.

Kuna kipimo cha bure uanze nacho: swichi on, injini usiwashe, soma presha ya sensa. Inatakiwa sifuri au pembeni kidogo tu ya sifuri. Ikikuonyesha 20 millibar wakati hakuna moshi wowote unaopita hapo, mgonjwa wako ni sensa na filta haina kosa.

gejimkononi
Nakubaliana na NozeliKavu ila kuitegemea skana peke yake ni kama kumuuliza mwizi kama kaiba, kwa sababu inasoma sensa hiyohiyo unayoishuku. Mpira wa mbele ukitoboka presha inasomeka chini na filta imejaa pomoni, kibomba cha chuma chini ya mpira kikiziba masizi sensa inakufa ganzi, na nishakutana na gari mipira imegeuzwa, presha inasomeka hasi, mtu kauziwa sensa mpya na tatizo liko palepale.

Mimi nachomoa mpira wa mbele naweka tii (kiungo cha njia tatu), nafunga geji yangu sambamba na sensa. Injini iwe ya moto. Soma kwenye sailensa, halafu panda taratibu mpaka 2500, halafu 3000, ukishikilia kila hatua. Usisome sailensa peke yake ukaridhika, maana hewa inayopita ni ndogo na hata filta mbovu inaweza kuonekana nzuri. Kwa gari nyingi ndogo filta safi sailensa haifiki hata 10 millibar, na ukiona 3000 bila mzigo imevuka 100 kuna kitu, ila tafuta kipimo cha injini yako kwenye kitabu chake.

Udhaifu wa geji nao upo. Sensa inapima tofauti ya mbele na nyuma ya filta tu, geji inapima kila kitu kuanzia pale kwenda mwisho wa ekzosi, kwa hiyo ukiwa na bomba limebonyea huko nyuma utailaumu filta bure.

shemeji_wa_tabo
Mnazunguka sana, shusha filta uione. Upande wa kutokea ukipitisha kamera ukakuta keki nyeusi au michirizi ya masizi, filta imepasuka ndani, hapo hata presha nzuri ni ya uongo maana moshi unapita bila kuchujwa. Ukiipima uzito kabla na baada ya kusafisha unajua kabisa umetoa nini.

gejimkononi
Shemeji hizo bolti umezifungua wewe au unasimulia? Zimeiva kwa moto, sensa ya joto nyuzi zake zimeganda, unakatikia humo na kazi inakuwa mbili. Na kuona kama imepasuka huhitaji kushusha, ingiza kitambaa cheupe kwenye mdomo wa ekzosi, gari yenye DPF nzima haitoi masizi meusi hapo. Kushusha ni hatua ya mwisho, labda kama gari imeshakula kilomita zaidi ya 150,000 na unajua unaenda kutoa majivu.

mgeni_wa_dizeli
Samahani, majivu na masizi si kitu kimoja?

NozeliKavu
Hapana. Masizi ni kaboni, yanaungua. Yanaungua yenyewe taratibu ukiwa safari ndefu ekzosi ikiwa ya moto, na yakizidi kompyuta inamwaga dizeli ya ziada ili filta ifike kama nyuzi 600 yateketee. Majivu yanatoka kwenye viungo vya oili na hayaungui hata uchome mara ngapi, ndio maana injini hizi zinataka oili yenye majivu kidogo. Kipimo cha kuyatofautisha ni kuchoma kwa skana, yaani kuiamuru kompyuta ichome masizi, halafu kupima upya. Presha ikishuka sana yalikuwa masizi, gramu zikishuka lakini presha imebaki juu ni majivu.

dizeli_tupu
Nashukuruni wakuu. Majibu ni haya: swichi on sensa inasoma 0. Sailensa millibar 24, kwenye 3000 inagonga 150, na geji ya jamaa mmoja imetoa karibu vilevile. Kitambaa kimetoka kisafi. Tuendelee na kuchoma?

Dada_Spana
Subiri kwanza. Kujaa imejaa, hilo mmeshamaliza, mimi nataka kujua kwa nini. Nozeli inayovuja, EGR (valvu inayorudisha moshi kwenye injini) iliyoganda wazi, paipu ya tabo inayopumua pembeni, zote zinazalisha masizi kuliko filta inavyoweza kuchoma. Na kuna zinazozuia kuchoma tu, mfano mafuta chini ya robo tanki au taa ya injini ya tatizo lingine. Nitajie vitu viwili: joto la maji kwenye skana ukiwa umetembea nusu saa barabara inayofunguka, na oili kwenye dipstiki iko usawa gani.

dizeli_tupu
Maji 66, haipandi zaidi ya hapo. Oili imepita alama ya juu na sijaongeza, nikadhani fundi alijaza sana.

Dada_Spana
Thamostati hiyo, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini. Imeganda wazi, injini haifiki joto lake, gari nyingi zinataka maji yawe moto ndio ziruhusu kuchoma, sasa yako ama haianzi ama inaanza na kukatika njiani. Dizeli iliyokuwa imwagwe kwa ajili ya kuchoma inateremka kwenye oili, ndio maana dipstiki imepanda, inuse utasikia harufu ya dizeli. Usiichome na oili hiyo, imeshakuwa nyepesi, itamaliza beringi za tabo.

Badilisha thamostati, mwaga oili weka yenye majivu kidogo na filta ya oili, tafuta paipu ya tabo inayovuja kama ipo, ndio ufanye kuchoma kwa skana. Na 118 iko juu, angalia kwanza mtengenezaji anaruhusu mpaka gramu ngapi, ukilazimisha filta iliyojaa kupita kiasi moto unaweza kushindikana kudhibiti ukayeyusha kauri ya ndani. Ikizidi hapo ishushwe ioshwe nje. Ukichoma gari imesimama, iwe nje kabisa, mbali na majani makavu, bonnet wazi, na mtu asiondoke karibu.

shemeji_wa_tabo
Kwa hiyo kutoboa ndio imefutwa?

Dada_Spana
Atoboe filta, thamostati ibaki wazi vilevile? Oili itaendelea kuharibika na injini itaendelea kukimbia baridi, tofauti ni kwamba hakutakuwa na taa ya kumwambia. Dizeli_tupu ukimaliza pima tena 3000 na geji ileile, ikibaki juu ya 100 leta namba tuongelee majivu.