Naomba ushauri: kufufua Hilux ya mwaka 1986 nyumbani, nianze na bodi au injini?

Uani_Kigamboni:

Habari zenu wakuu. Baba amenikabidhi Toyota Hilux yake ya mwaka 1986, toleo la LN65 lenye injini ya dizeli aina ya 2L. Kwa miaka mingi ilibeba samaki kutoka soko la Feri, kisha ikaegeshwa uani kwetu Kigamboni na haijawashwa tangu hapo. Ningependa kuifufua hapa nyumbani taratibu, kadiri fedha inavyopatikana, kwa kuwa nafasi ipo, umeme upo, na jirani yangu ambaye huchomelea mageti yuko tayari kunisaidia. Sakafu ya bodi la nyuma imetoboka, kona za chini za kebini zimevimba kutu chini ya rangi, na milango haifungi vizuri. Fundi rangi aliyekuja kuitazama anashauri tunyooshe bodi, tupige puti ya kujazia mabonde na rangi, kisha injini ifuate. Baba naye anasema alikuwa akiipulizia oili chafu upande wa chini, kwa hiyo chesisi haina tatizo. Je, nianzie wapi, na nitajuaje kwamba gari hili bado linastahili kutumiwa fedha?

Chesisi_Ilala:

Mkuu, swali lako la mwisho ndilo linalopaswa kutangulia, na jibu lake liko chini ya gari. Injini, ekseli, springi, kebini na bodi la nyuma vyote vinabebwa na chesisi, hivyo bodi lililooza hubadilishwa, lakini chesisi iliyooza huamua kila kitu. Gari la samaki humwagikiwa maji ya barafu yenye chumvi kila siku. Maji hayo hupenya kwenye matundu, yakaingia ndani ya vyuma vya chesisi na kukaa humo pamoja na tope, mahali ambapo oili chafu ya mzee haikufika. Kutu ya namna hiyo hula kutoka ndani, na kwa nje unaweza kuona chuma cheusi kinachong'aa kwa oili huku kimebaki chembamba kama ganda la yai.

Fungua boliti za bodi la nyuma, tafuta watu wa kukusaidia kulinyanyua na kuliweka pembeni, kwangua tope na oili, osha, kisha gonga chesisi yote kwa nyundo ndogo yenye ncha. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito au hubonyea. Tazama hasa juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikizo vya springi, na pale kebini inapokalia mipira yake. Milango isiyofunga inaweza kuwa bawaba zilizochoka tu, lakini inawezekana pia kwamba mipira ya kebini imekwisha au vishikizo vyake vimeoza na kebini imelala upande, na fundi akinyoosha mlango kabla ya kulijua hilo, kazi hiyo itarudiwa.

Ukikuta uozo sehemu moja au mbili, unatibika. Hukatwa mpaka kwenye chuma safi, kisha huwekwa kiraka chenye unene unaolingana na ule wa asili, ncha zake zikiwa zimekatwa kwa mshazari, kwa sababu mshono uliosimama wima ndipo chesisi itakapovunjikia ikibeba mzigo. Namheshimu jirani yako, lakini kazi hiyo mpe mtu aliyezoea chesisi za malori. Bati la kebini ni jembamba na mashine ya kuchomelea ya vijiti hulitoboa, hivyo tumia mashine ya waya na gesi, uchome kidogo kidogo ukihamahama ili bati lisipinde. Kabla ya moto wowote, toa waya za betri na za altaneta, na uondoe tangi la mafuta kabisa. Namba ya chesisi isiguswe na grinda wala moto, kwani isiposomeka au isipolingana na kadi ya gari, utapata usumbufu mkubwa polisi na TRA (Mamlaka ya Mapato). Ikiwa uozo umeenea pande zote mbili, ningekushauri uiuze kwa spea, hata kama inauma.

Dizeli_Tabata:

Naunga mkono hayo, na naongeza la injini. Usifunge betri mpya ukapiga starti. Mwaga dizeli ya zamani, safisha tangi, badilisha oili na machujio, kisha toa plagi nne za kupashia joto, tia oili kidogo katika kila silinda, na uzungushe injini kwa mkono kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka kwa ulaini, badilisha taimingi belti kabla ya kuiwasha, hata kama inaonekana nzima, kwa sababu kwenye 2L belti ikikatika valvu hugongana na pistoni na utajikuta ukitafuta silinda hedi. Baada ya hapo toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli.

Breki zije kabla ya safari ya kwanza, hata ya kutoka getini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na gari likikaa muda mrefu, unyevu huo hutia kutu ndani ya silinda na paipu. Milango, vioo na taa zilizotumika utavipata Gerezani au Shauri Moyo, nenda na cha zamani mkononi ulinganishe. Lakini spea za breki na stelingi nunua mpya.

Uani_Kigamboni:

Nashukuru sana, wakuu. Nitaanza kwa kulitoa bodi la nyuma. Hapo baadaye, je, rangi naweza kupuliza mwenyewe uani kwa kompresa ya kuazima? Na oili chafu niendelee nayo?

Rangi_Tegeta:

Kaka, maandalizi fanya nyumbani, lakini rangi ya mwisho yenye hadena (kigumishi) peleka kwenye chumba cha kupulizia. Hadena hiyo ina kemikali za aisosianeti, ambazo huharibu mapafu na zinaweza kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizizuii, na upepo wa bahari utazipeleka kwa watoto wa jirani. Ukishasafisha chuma, kipake praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Praima ya kujazia mikwaruzo hunyonya maji, na magari mengi huachwa nayo uani msimu mzima wa masika, kutu ikirudi kimyakimya chini yake. Puti isiwekwe kamwe juu ya tundu. Tundu huzibwa kwa bati.

Oili chafu iache. Hulainisha na kuvimbisha mipira ya bushi, huchafua udongo wa uani kwenu, na rangi haishiki juu yake hata kidogo, kwa hiyo itabidi uioshe yote kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji ya moto. Ndani ya chesisi na milango pulizia nta ya kuzuia kutu baada ya kazi zote za moto kwisha, na uhakikishe matundu ya kutolea maji chini ya milango yako wazi, kwani mafundi wengi huyaziba kwa puti bila kujua. Mkibadilisha rangi ya gari, au injini ikibadilishwa, pelekeni taarifa TRA ili kadi irekebishwe kabla gari halijarudi barabarani.